Buibui bapa aliyemuhamisha yaya Martine

Kadutu, Bukavu, tarehe 5 Septemba 1957

Mpendwa Maman Adolphine wa ukurasa wa mashauri, ninakuomba msaada, lakini kwanza ujue anayekuandikia siyo mujinga, nilifika kalasi ya ine pale Sange, na kama mwalimu hakunichoka ningefika ya sita, na mwandiko wangu unauona mwenyewe, unapita wa makarani fulani. Ninakaa kwa yaya wangu Martine, dada yangu mukubwa, na bwana yake, shemeji Venant, naye anatafuta ile karte ya merite, cheti ambacho Wazungu wanapatia mutu mustaarabu, na wakubwa wa komisyon watakuja kuangalia nyumba Jumatatu tarehe 23, waone kama meza iko na kitambaa, kama mutoto analala kitandani, kama mama wa nyumba anajua kupokea wageni.

Basi shemeji akaniambia, “Isidore, wewe mwenye kujisifu kila siku, utapaka chokaa na kuondoa hawa buibui.” Nikamujibu, “Shemeji, buibui ni watu wangu, kule Sange nilikuwa nawahesabu kama mbuzi.” Nikapaka siku mbili, weupe wa kuumiza macho, na ukutani kulikuwa vitu vidogo vya duara kama vifungo vya shati, nikapitisha brosi juu yake, maana vyenyewe ni vyeupe na chokaa ni nyeupe, nani ataona?

Siku ya nane, asubuhi, tuko tunakunywa chai, chokaa ikapasuka na watoto wa buibui wakatoka mamia, wengine wakashuka mpaka kwenye mukate wa shemeji. Yaya akanigeukia, “Mwalimu wa buibui, hii ni nini?” Maman, ningesema nilipaka juu ya mayai? Nikakunja uso kama daktari, nikamuonyesha mama yao, yule bapa wa rangi ya majivu anayekimbia upande-upande, nikasema, “Yaya, huyu ni muuaji. Kule Sange aliuma ng’ombe wa Muzee Philémon na ng’ombe hakufika jioni.” Bongo tupu, uongo wangu mwenyewe! Ng’ombe yule alikufa kwa kuhara.

Nilifikiri yaya ataniheshimu. Kumbe alibeba mutoto mugongoni na sufuria mbili, akahamia kwa jirani yetu Monique, na anasema harudi kama iko bapa hata mumoja. Shemeji ananuna, aliniambia neno moja tu: “Komisyon ikikuta nyumba bila mama, tarehe 24 uko ndani ya lori ya Sange.” Sasa ni mimi ninapika, na hata mbwa wa Monique alikataa bugali yangu. Nimeua kumi na mumoja kwa kiatu, wengine wanakuja. Nipe dawa ya kuwamaliza, na unipe njia ya kumurudisha yaya bila mimi kukubali kwamba ilikuwa bongo, maana niko na jina langu hapa mutaani.

Mimi ninayejua yote isipokuwa hili,
Isidore

Isidore mwanangu,

Mwandiko wako ni muzuri kweli. Kichwa ndicho kilibaki Sange. Pole kwa bugali.

Wewe uliyewahesabu kama mbuzi hukuwajua hata sura. Yule wa miguu kama uzi, anayetikisika pembeni ya dari ukimugusa, anakamata mbu. Yule mudogo wa macho makubwa, anayerukaruka dirishani, anakula nzi. Na bapa wako, huyo muuaji, anakula mende, na akikuona anakimbia. Vile vifungo ni mayai yake. Hajaua ng’ombe, hajaua hata kuku.

Dawa ya nini? Chukua kisu kibutu, ukwangue vifungo vyote, nyuma ya kabati na nyuma ya picha, uvitie motoni, kisha ndiyo upake chokaa. Nyufa uzibe kwa udongo na majivu. Kuni ulizoegemeza ukutani (najua ziko hapo) uzipeleke mbali, na nyasi za kando ya nyumba ukate. Jumamosi funga ufagio kwenye muti murefu, upitishe darini. Taa isitundikwe mulangoni, inaita wadudu, na buibui anafuata chakula kama wewe unavyofuata sasa sufuria za Monique. Wawili watatu watabaki. Hata kwangu wako.

Hiyo ni kazi ya siku tatu. Kazi yenyewe ni ile unayotaka kuikwepa. Yaya yako alihamishwa na mudomo wako. Hata ukiwaua wote, bapa mwingine ataingia kwa dirisha, labda wageni wakiwa mezani, na yaya atabeba mutoto tena mbele ya komisyon. Hapo jina lako litasaidia nani?

Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa Monique. Umuombe yaya aje asimame mulangoni tu. Tafuta bapa mumoja ukutani, usimuguse. Sema: “Yaya, nilipaka chokaa juu ya mayai, na ng’ombe wa Muzee Philémon alikufa kwa kuhara.” Kisha weka kiganja chako ukutani, karibu naye kabisa, yaya akiangalia.

Buibui atakimbia. Wewe usikimbie.

Maman Adolphine