Picha Isiyokufa

Casale, Julai 1866

Kaka mpenzi Evasio,

Salamu nyingi sana, na pole ya mguu. Sisi huku wazima. Barua yako ya hospitali imefika leo asubuhi, na Mama ameibusu mpaka wino umechujuka. Ah, kaka, wewe nawe! Tangu yale mapigano ya Juni kimya, tukabaki roho mkononi.

Sasa nikupe mkasa. Unaikumbuka ile picha yako ya kioo, uliyopigwa na Bwana Gariglio siku ulipovaa sare? Wiki iliyopita nilisikia Mama anapiga yowe. Nikamkuta ameikumbatia, na uso wako haupo, ukungu mtupu. Akasema umekufa. Tangu hapo hata ugali wa polenta haikuwezekana kumlisha. Akajishonea shali jeusi la msiba. Nikimbembeleza ale, ananiambia nimwache, yeye hastahili kula.

Nikamkokota mpaka kwa Padri Celso, naye akatupeleka kwa Gariglio. Mama hajui kusoma, akauliza lile neno kubwa mlangoni ni nini. Padri akamwambia ni ambrotipia, jina la hizi picha za kioo, limetoka kwa Wagiriki wa kale: mwanzo wake ni isiyokufa, mwisho wake ni chapa. Mama akaja juu! Isiyokufa kitu gani, na mwanangu amefutika?

Gariglio akafungua fremu, akauliza nani ameondoa kitambaa cheusi nyuma ya kioo. Kisha Mama akaangua kilio. Kumbe ni yeye, Evasio. Alisema kumwekea mtoto aliye vitani kitu cheusi mgongoni ni uchuro, basi akakitoa, akaweka kile cheupe cha ubatizo wako. Alipogeuza kioo, hukuwepo. Maskini, siku zote hizo aliamini amekuua kwa mikono yake.

Gariglio hakumcheka. Alichukua kioo, akakilaza juu ya mkono wa kanzu nyeusi ya Padri. Kaka, ukarudi! Macho, masharubu, na hayo masikio yako ya popo. Mama akaibusu ile kanzu mpaka Padri akamwambia yatosha, mama, na mimi nina nguo moja tu. Jioni ile alikula sahani mbili.

Majirani wote wanakusalimu. Mama anasema upone upesi, na usithubutu kunyamaza tena. Lile shali la msiba wako amelikata leo baada ya kusomewa barua yako. Kipande chake ndicho kilicho nyuma ya kioo, na uso wako unaonekana vizuri kuliko zamani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Delfina