Treni Yetu Imesimama Kwako, Bilali

Kwa Mzee Jumanne Nangomwa,
Nyuma ya Tuta la Reli,
Nachingwea.

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Bilali,

Asalaam aleikum. Mimi kaka yako nina miaka themanini na minne sasa, na vitu vingi vimekufa mimi nikiviangalia. Wazungu wa karanga walikuja wakaondoka, reli ikaja ikang'olewa, mikorosho ya baba imezeeka ikakatwa, redio nne nimezizika, na madaktari wawili walioniambia niache chumvi wote wametangulia. Kwa hiyo nikikuambia mimi ni mzima, elewa ni mzima hasa. Goti la kushoto ndilo linalonibishia, na mimi nalibishia vilevile.

Na wewe je? Kile kifua kimetulia? Shemeji yangu Miriam hajambo? Huko Tabora maembe yameanza? Nijibu kwa barua, usinipigie simu. Simu ukishaikata maneno yamekwisha. Barua naiweka chini ya mto, nikitaka naisoma tena. Hati yangu mbaya, najua, niliishia darasa la pili. Watu walitaka kuniandikia nikakataa. Mambo yangu nayaandika mwenyewe, hata kama nachukua siku tatu.

Humu ndani kuna kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cha khanga ya shemeji yako Fatu. Usikifungue. Soma kwanza mpaka mwisho. Nakujua wewe, tangu utoto unakula nyama kwanza halafu unalia ugali hauna mboga.

Huku tunaendelea. Ufuta tulishauza, mikorosho imechanua vizuri. Salfa nimepulizia mwenyewe. Majirani wakasema mzee utaanguka. Sikuanguka. Walioanguka ni wao, walipoona mikorosho yangu imewashinda.

Sasa habari kubwa. Mdogo wangu, mimi ni Meneja Mkuu wa reli.

Usicheke. Najua unajua kwamba huku hakuna reli tangu ile siku. Reli yetu iko kwenye benchi la Lusiana, yule mama wa chai na mihogo pale kwenye tuta. Imechorwa kwa mkaa. Inaanza bandarini Mtwara, inafika Nachingwea, inakwenda Ruangwa, na ng'ambo ya Ruangwa tulikuwa bado tunabishana. Kichwa cha treni ni betri ya tochi. Mabehewa ni korosho za mwaka jana zenye maganda yake, korosho moja behewa moja. Kila Jumamosi tunakutana, na treni zinatembea.

Tuko wanne. Mimi Meneja Mkuu. Saturnini, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye anaandika ratiba kwenye daftari, na treni ikichelewa ananuna kabisa. Lusiana ni mkaguzi wa tiketi. Akiona korosho imepasuka anaitoa, anasema behewa bovu, anaikaanga. Na wa nne ni Bundala.

Huyu Bundala ni Msukuma. Alikuja na ng'ombe wake miaka saba iliyopita akakaa Chinongwe, kule wilaya ya Ruangwa. Jumamosi anakuja huku gulioni. Mwanzo alikuwa anasimama tu anatuangalia. Siku moja akasema, "Namhala, hapo kwenye kona hiyo treni yako itaanguka." Namhala kwao ni mzee mwenye heshima zake. Nikamuuliza yeye treni anaijulia wapi. Kumbe ujana wake alikuwa anasindikiza ng'ombe kwa treni kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam, analala nao behewani. Tukanyoosha kona. Tukampa treni ya mifugo.

Reli yetu ni nzuri, Bilali, isikudanganye kwamba ni ya mkaa. Ina stesheni kumi na tisa. Tumeipinda ipite Chunyu kwa sababu mke wa Saturnini ni wa Chunyu na alisema bila hivyo chakula hapiki. Treni ya asubuhi ina behewa zima la wagonjwa wanaokwenda hospitali, na wote wanakaa, hakuna wa kusimama. Mwanafunzi hapandi na kuku. Mimi ndiye niliyetoa sheria hiyo.

Na sheria kubwa kuliko zote ni ile uliyonifundisha wewe ulipokuwa mshika bendera pale stesheni. Njia ni moja, kisahani cha ruhusa ni kimoja. Dereva asiyekishika kisahani haingii njiani, hata akiwa na haraka ya mkojo.

Ndiyo, kisahani kilekile chako, cha shaba. Ninacho. Siku treni ya mwisho inaondoka hapa, wewe umo ndani unahamishiwa huko bara, nilikimbia pembeni mpaka pumzi zikaniisha. Ukanirushia dirishani. Ukapiga kelele, "Kaka, nishikie njia!" Nikakiokota mchangani. Nimekiweka miaka sitini na zaidi. Fatu aliwahi kutaka kufunikia mtungi, tukakosana wiki nzima.

Kwenye benchi basi kisahani kilitakiwa kiwekwe kando ya treni inayotoka. Lakini mimi sikukubali mtu akishike. Nilikiweka mfuko wa shati, hapa kifuani. Mtu akiomba njia, nagusa mfuko, basi, treni inatoka. Saturnini alisema, "Mzee, hiyo siyo kanuni." Nikamwambia kanuni imo ndani ya mfuko.

Mwezi wa saba, Jumamosi moja, Bundala alikuwa Ruangwa na treni ya ng'ombe mia tatu. Akaomba njia aje Nachingwea. Nikagusa mfuko. Chai ikaja. Mimi nilikuwa Nachingwea na treni ya abiria, mabehewa kumi na mawili, arusi mbili zimo ndani. Nikagusa mfuko, nikatoka. Zikakutana Chunyu.

Korosho zimepandana. Lusiana kashika mdomo. Saturnini akasema taratibu, "Chunyu. Pale kwa mke wangu." Bundala akainamia benchi, akaanza kuokota korosho zake mojamoja, anaziangalia. Akasema, "Namhala, umeniulia ng'ombe."

Hapo nilitakiwa niseme nimekosa. Ungekuwapo ungenikanyaga mguu. Lakini unanijua. Mwaka juzi ng'ombe wa Bundala, wale wa kweli, waliingia kwenye ufuta wangu, tukayamaliza kwa mwenyekiti, kumbe moyoni hayajaisha. Nikasema, "Wewe ng'ombe wako hata wa kuwaza tu hawafuati njia. Mtu wa kuja."

Bundala alichukua betri yake akatia mfukoni, akamuaga Lusiana, akaondoka.

Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Treni ya mifugo ikafutwa kwenye ratiba. Saturnini akakaa na daftari limefungwa. Lusiana akaunda tume ya ajali, tume ya mtu mmoja, yeye mwenyewe. Akanisomea hukumu huku anamenya mihogo. "Meneja ana kosa. Kisahani kinachokaa mfukoni hakilindi njia, kinalinda mfuko. Achague. Akipeleke kwa mkono wake Chinongwe ampe Bundala, au reli hii naifuta na benchi langu nilipake rangi."

"Bora upake rangi," nikamwambia.

Akaenda kununua rangi, Bilali. Ya bluu. Akaiweka pale juu ya kabati nikiiona.

Wiki mbili nilikuwa nakwenda nakunywa chai nikiangalia kopo lile. Fatu akaniambia, "Mume wangu, wewe uliambiwa ushike njia. Treni ya nani imepita?" Maneno hayo yaliniingia kuliko sindano. Kweli. Miaka yote hiyo najisifu nimekitunza, na kama kuna treni yoyote duniani ilikuwa inakingoja, basi mimi ndiye niliyeizuia.

Alhamisi nikapanda basi mpaka Ruangwa, halafu pikipiki mpaka Chinongwe, na goti hili. Nilimkuta Bundala kwenye zizi. Mkewe Valeria akanipa kiti na maziwa ya mgando. Sikutaka kukaa, maana nikikaa nitaanza habari za mvua. Nikatoa kisahani, nikakiweka kwenye kiganja chake. Nikasema, "Njia ni yako. Nilikosea mimi. Treni yako ilikuwa na haki ya kupita." Ni neno ambalo hata marehemu mama hakuwahi kunisikia nikilisema, shahidi ni wewe.

Akakigeuzageuza. Akauliza nilikitoa wapi. Nikamwambia ni cha mdogo wangu, alikuwa anakitumia kazini, yuko Tabora mpaka leo, kaoa hukohuko Mnyamwezi, Miriam.

"Mnyamwezi?" akasema. "Mnyamwezi na Msukuma ni ndugu! Mdogo wako kaoa dada yetu? Valeria, njoo usikie! Huyu namhala ni shemeji! Yaani nimegongwa treni na shemeji yangu, halafu ananiita mtu wa kuja! Mahari yetu mlimaliza lakini?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia, "lakini nasikia dada yenu alikuwa anakula sana, tuliwapunguzia mzigo."

Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Miaka saba tumesalimiana kama watu wa ofisini, na siku ile tukataniana mpaka maziwa yakaisha. Na usione wivu, nilimshinda.

Halafu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya zizi. Bilali, yule mtu alikuwa hajaacha. Amechora reli chini kwenye udongo, kwa fimbo, ndefu kuliko nyumba. Inatoka Ruangwa, inapanda, inavuka mito, ameweka mawe kuwa milima, mpaka inaungana na ile reli ya kati. Imefika Tabora, imesimama hapo. Nikamuuliza mbona haiendelei. Akasema, "Tabora ni stesheni kubwa, namhala. Sikuwa na mtu wa kumwekea."

Nikamwambia mtu yupo.

Basi Jumamosi hii iliyopita Bundala alikuja na betri yake. Lusiana kapaka rangi benchi la pili, la kwanza halikuguswa, bluu ile tumeifanya ziwa na reli tumeiendeleza kando yake mpaka Tabora. Saturnini alikesha siku mbili na daftari, ratiba imekuwa kurasa nne. Mimi wamenirudishia umeneja kwa kura tatu. Yangu ilikuwa mojawapo, lakini hata bila hiyo ningeshinda.

Tukatoa treni kubwa. Mabehewa ishirini na mawili, Bundala dereva, ng'ombe nyuma, abiria mbele, arusi zote mbili zimefufuka. Kisahani kando ya kichwa cha treni, hadharani, kila mtu anakiona. Ruangwa. Chinongwe. Ikapanda, ikapanda, Saturnini anasoma saa, Lusiana anakagua. Watu wa gulio wamejaa, mmoja anauliza inabeba na baiskeli. Saa kumi jioni ikaingia Tabora. Watu walipiga makofi, nakwambia kweli.

Ikasimama. Mpaka sasa imesimama hapo, hakuna anayeigusa.

Sasa fungua kifurushi.

Ni chako. Wewe ndiye mkuu wa stesheni ya Tabora kuanzia Jumamosi, hakuna kukataa. Na sheria unaijua, wewe ndiye mwalimu. Kisahani kiko kwako, kwa hiyo njia iko kwako, na treni yetu haiwezi kurudi Nachingwea mpaka kisahani kirudi. Usikitume posta. Mimi nimekituma kwa sababu goti halifiki Tabora, lakini wewe ni kijana, una themanini na mbili tu. Huku hujakanyaga tangu tulipomzika mama, miaka kumi na tisa. Kila mwaka unasema mwakani. Korosho zinaanza kuanguka mwezi ujao. Njoo nazo zinaanguka. Uje na Miriam, maana Bundala na Valeria wanamsubiri dada yao, wamemtengea mbuzi.

Uliniambia nikushikie njia. Nimeshika, mdogo wangu. Mkono umechoka sasa.

Msalimie sana shemeji Miriam, mwambie nimemkuta ndugu yake na ni mrefu kuliko yeye. Wasalimie watoto, Faridi na Samia, na wajukuu ambao majina yao sijayashika. Fatu anakusalimu. Mjukuu wetu Hajra anakusalimu, amejifungua mtoto wa kiume, wakataka kumpa jina langu, nikasema hapana, apewe la Bilali, atakuwa wa kusafiri na kurudi.

Mungu akupe kifua kisafi, miguu ya safari, na kiti cha dirishani.

Mimi kaka yako nikupendaye, nikungojaye pale tulipoachana,

Jumanne Nangomwa
Meneja Mkuu

Ukiona natia chumvi, mashahidi wapo. Muulize Saturnini, ana daftari. Muulize Lusiana, hukumu ilikuwa yake. Muulize Bundala wa Chinongwe, atakwambia nilisema nimekosa, na kwamba nilisema nikiwa nimesimama. Shahidi wa nne umemshika mkononi. Mlete.