Kitasa Kilichong'arishwa

Mpenzi Baba Kidonge,

Mwanao sasa hivi amelowesha pamba mdomoni akaanza kusugua kifungo cha mlinzi. Ananiiga mimi, maana huku chuoni vyuma vya kale tunavisafisha hivyohivyo, kwa mate na subira. Mlinzi kacheka. Mimi sina cheko.

Nilipewa kitasa cha shaba cha mlango wa zamani nikitoe vumbi na mafuta tu, ule weusi wa miaka nisiuguse. Kidonge alipougua nikabaki nyuma kwa kazi, nikakibeba nyumbani kinyemela. Jana natoka kuteka maji, nakikuta kinawaka! Mama yako kakisugua kwa limau na majivu.

“Mama, umefanya nini?”

“Nimekusaidia, mwanangu. Wiki tatu unakipapasa kama mgonjwa, mimi nimekimaliza chai haijachemka. Kesho kwenye ukaguzi uwe wa kwanza!”

Wewe ungemjibu nini? Jina la fundi, lililosomeka pembeni kwa ule weusi tu, limefutika, na mama ananifungia kitasa kwa kitambaa chake kizuri huku anatabasamu. Nikasema asante, nikaenda kulia jikoni.

Kwa kosa hili watu hufukuzwa, na kazi hii naipenda mno. Niko kwenye benchi nje ya karakana. Mama simtaji. Nitasema nilikitoa chuoni mimi, kosa ni langu, ila wanipe kingine, hata kiwe kimeliwa na kutu, nikianze upya mbele ya macho yao. Niombee, maana mlango umefunguliwa na mwalimu anasema, “Mama Kidonge, ingia na kitasa chako,” nami bado sija—