Uongo wa Mama Roza

Manibe, Jumamosi, Juni 1979

Na bado mzee wa kanisa alikuja kudai toba hadharani. Jirani yangu Mama Roza aliwadanganya askari wanaowasaka Wanubi kwa makosa ya serikali iliyoanguka: alisema kwake hamna mtu. Amina, mwanamke wa Kinubi, na mtoto wake walikuwa nyuma ya mitungi ya pombe. Wako hapo mpaka sasa.

"Uongo ni uongo, mama," mzee alimwambia jioni. "Usipotubu kesho mbele ya watu, meza ya Bwana hapana."

"Nikitubu, baba, watu yote watajua nani iko ndani. Basi nyima mimi mkate. Amina siwezi toa."

Mzee aliuliza kama mtoto amekula. Akaondoka. Toba hakuitaja tena.

Mama Roza amelala. Mimi bado naisikiliza barabara.