Nimenyofoa Kurasa za Bibi Huko Maktaba

Shikamoo mshauri, naomba unisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni binti wa Sindeni, Handeni, nasoma mwaka wa pili chuo kikuu, na mwezi uliopita mhadhiri alitutuma maktaba, kwenye chumba cha historia za wenyeji, kila mtu atafute habari za kwao, nami nikashika daftari la mtafiti aliyepita kwetu zamani, kufungua tu nakuta jina la marehemu bibi yangu mzaa mama, Swaumu, aliyekuwa kungwi wa kijiji, anaeleza mwali anavyofungiwa ndani, anavyopakwa mafuta na kutolewa kwa ngoma, na mama yangu aliyerithi ukungwi huo hataki hata tuyataje mbele ya wanaume. Nikanyofoa kurasa nne, nikazificha ndani ya mtandio nikatoka. Sasa ziko chini ya godoro, na mwenzetu Habakuki aliyelichukua daftari baada yangu ndiye anayeshukiwa, amezuiwa kuingia maktaba na mitihani imekaribia, nami nikisema ukweli mama atajua bibi alimwambia siri mwanamume mgeni, atasema alitusaliti, na mimi ndiye niliyepewa jina lake. Tena mwishoni mtafiti kaandika bibi alicheka akamwambia, "Haya ya uani nimekupa, ya chumbani hata ulete gunia la mahindi huyapati." Nizichome?

Swaumu, Sindeni

JIBU

Swaumu, weka kiberiti chini. Woga wako naujua, nami nilichezwa unyago, najua tulivyoapishwa. Lakini umeiba, na mwenzio anabeba mzigo wako huku wewe unalalia ushahidi. Aibu hiyo si ya bibi, ni yako.

Halafu umesoma kwa hofu. Mwali kutolewa kwa ngoma nani hajui? Siku hiyo hata wauza maandazi husimama kuangalia. Bibi yako alimpa mgeni yale anayoyaona mpita njia, ya chumbani akaenda nayo kaburini. Hakusaliti mtu.

Kesho asubuhi mpelekee mkutubi kurasa zote nne, sema ni wewe, pokea adhabu bila kulialia. Toka hapo umwombe radhi Habakuki ana kwa ana, si kwa meseji. Kisha mpigie mama. Makungwi wakiona kuna neno lisilofaa kusomwa na kila mtu, waiandikie maktaba wenyewe, hiyo ni haki yao, si ya mikono yako.

Ukimsimulia mama, anzia kwenye lile gunia la mahindi. Atamtambua mama yake papo hapo.