Mtani Niliyemtoa Kundini

Ufukoni, Mtwara
9 Novemba

Dada Skola,

Ni mwaka mmoja na miezi saba sasa tangu unisindikize stendi ya Sumbawanga. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Mguu wa mama umepungua uvimbe, au bado anauficha chini ya kanga akisikia mtu anabisha hodi? Mimi ni mzima, mabega ndiyo yamechoka. Msimu wa korosho umefunguka, tunapakia magunia kutwa, na nikilala naona bado natembea nayo. Utashangaa nimeandika kwa kalamu. Barua hii nampa dereva wa lori kwa sababu simu, kwa wiki hizi, siiamini.

Nilikwambia walinifanya admini wa kundi letu la wapakiaji kwenye WhatsApp. Kundi hilo ndilo kazi yenyewe: mnyapara anaandika kuna meli, asiyesoma anakosa zamu. Walinichagua kwa kuwa ni mgeni. "Huna shangazi hapa wala mjomba," mnyapara alisema, "utatoa watu bila kuona haya."

Mmoja alitushinda, anaitwa Mchopa, mtu wa Kitaya, kule mtoni mpakani na Msumbiji. Tangazo la kazi likitoka, anamwaga maneno yake mpaka linafunikwa na watu wanakosa kuliona. Nikimwonya ananijibu mbele ya wote: "Mfipa, kwenu mnafuga radi, hapa unafuga simu. Nitoe basi, nione kama nitaungua." Hakuna aliyempenda isipokuwa Bashiri, mpakiaji mwenzetu wa kijiji kimoja naye. Hao walikuwa watani wa ukoo, tangu mababu. Kutukanana ndiyo salamu yao.

Mwezi uliopita Bashiri akafa kwa homa. Tukaenda Kitaya kuzika. Mchopa alijilaza njiani mbele ya jeneza, amevaa shati la marehemu, anakohoa kama marehemu, anauliza kwa sauti ileile mbona wanambeba kama gunia lililoloa. Wenyeji walicheka huku machozi yanawatoka. Watani hata kwetu wapo, kwa hiyo sikushangaa. Nilidhani yameishia makaburini.

Tuliporudi, voisi zikaanza kuingia kundini kila alfajiri. Jina ni la Mchopa, sauti ni ya Bashiri, na kikohozi chake kikavu. "Jamani, huku baridi. Nani kakalia nafasi yangu kwenye lori?" Siku nyingine ikasema, "Rashidi, lile gunia la mwisho jana uliliburuta. Nimekuona." Na kweli Rashidi aliliburuta. Mchopa hakuwa zamu ile, alikuwa kwao Kitaya.

Wenyeji waliendelea kucheka, ila kidogo kidogo. Sisi wa kuja tuliacha. "Mtoe huyo mchawi," waliniandikia, "au tunatoka sisi." Nikafuta voisi moja. Nikamwandikia pembeni, kwa heshima, kwamba watu wanaogopa. Akanijibu kwa sauti ya Bashiri: "Deo, mwanangu, unamfuta nani?" Nikamtoa.

Watu walinishukuru. Jioni akanipigia Zuhura, mjane wa Bashiri. Simu ya marehemu anayo yeye, ameizima, ipo sandukuni. Namba bado imo kundini, maana nani ana mkono wa kumtoa maiti?

"Kaka Deo," alisema taratibu, "kwetu mtani ndiye anayemsemea marehemu mpaka arobaini. Siku hiyo anawaaga watu wote kwa niaba yake, ndipo marehemu naye anajua kwamba ameondoka. Wewe umemtoa mume wangu hajaaga."

Nikamrudisha Mchopa. Akajitoa. Nikamrudisha tena, akajitoa tena. Kesho yake mnyapara alipotangaza meli, chini ya tangazo pakatokea: Bashiri anaandika. Tulisimama ghalani kila mtu na simu mkononi. Yale maneno yakakatika, yakarudi, wala hakuna ujumbe uliofika. Nikampigia Zuhura aangalie sanduku.

"Ipo," alisema. "Imezimwa." Akaishika. "Lakini ina joto."

Tangu hapo kila tangazo linakuja na hayo, na watu hawaji kazini. Mnyapara kaniambia niitoe namba ile, la sivyo ananitoa mimi, na hapa ukitoka kundini umetoka kazini. Sikuweza, dada. Nikaenda Kitaya.

Nilimkuta Mchopa uani kwa Zuhura anaparua samaki. "Mfipa, radi zimekwisha?" Nikamwomba radhi, nikamwomba arudi.

"Mtani hafukuzwi halafu akaitwa kama kuku," alisema. Hakuwa anatania. "Ulichonitoa mdomoni hakirudi mdomoni mwangu. Aliyenitoa ndiye atakayeaga." Akavua shati la Bashiri, akanitupia.

Nikamtazama Zuhura anitetee. "Ndivyo ilivyo, kaka," akasema.

Arobaini ni Ijumaa ijayo. Mnyapara amekubali kusubiri. Nitasimama mbele ya watu niseme kwa sauti ya mtu aliyezikwa, mimi niliyebatizwa, na katekista sijamwambia. Najizoeza nyuma ya ghala. Mwanzoni nilikuwa Mfipa mwenye mafua tu. Juzi Rashidi alipita nyuma yangu bila mimi kumwona, akaangusha gunia akakimbia. Siku hizi kila kitu naweza kukisema kama Bashiri, hata vicheko. Kuaga tu ndiko kunanishinda. Nikifika pale, ulimi haugeuki.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, na mjomba fundi baiskeli. Watoto wako waambie wasome. Mambo ya humu usimsomee mama.

Nikiaga Ijumaa, Jumapili napanda basi kuja kumwona mama, na Jumanne nitakuwa nyumbani. Jumanne ikipita hujaniona, usinipigie simu, na nikikupigia mimi usipokee. Mtafute Zuhura, namba nimeiandika nyuma ya bahasha, umuulize kama niliaga.

Mdogo wako,
Deo