Chale Sita na Damu Isiyoshikana

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Leo nimemvunja baba mkubwa vidole viwili kwa mchi, na sijuti hata kidogo. Nianze na hilo, lisije likakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Unakumbuka goti lako. Ulirudi nalo kutoka shule limevimba, na hukuwa umeanguka wala kupigwa. Ulikuwa na miaka kumi, mimi minane. Baba mkubwa alikuwa amefika kutoka Pweto na vifurushi vyake vya samaki wakavu. Aliligusa goti, akageuka, akamzaba mama kofi mbele yetu. "Ulimaliza bandugu yako, sasa unakula mutoto!" Kaka wawili wa mama walikuwa wamekufa wakivuja damu, na kwake huo ulikuwa ushahidi tosha wa uchawi. Akaamuru uchanjwe na dawa ipakwe kwenye chale, kama wanavyochanjwa watoto wengi kwetu. "Weye, shika miguu yake!" Nikashika. Nikakukalia kwa uzito wangu wote.

"Mudogo yangu, achilia," uliniambia. "Iko inauma." Sikuachilia.

Chale sita ndogo, yaya. Zilivuja siku mbili. Mama alibadilisha vitambaa, mdomo wake mwenyewe umepasuka. Siku ya tatu tulikuzika.

Ndiyo maana nilisomea maabara. Hapa Lubumbashi nazungusha damu za watu kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yajitenge. Ndani ya maji hayo mna protini, nazo ni kali. Mtu akijeruhiwa, moja huikata nyingine, na iliyokatwa huing'ang'ania jirani yake, hivyo hivyo, mpaka zinakuwa wavu wa kuziba kidonda. Kwako ilikosekana moja tu, ile ya kuziamsha nyingine. Kasoro hiyo mama humpa mwana wa kiume bila yeye mwenyewe kuugua. Hakuna aliyeloga mtu. Siku nilipolielewa hilo nilipiga ukuta ngumi hadi mkono ukavimba, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kufa na jina la mchawi.

Na mimi nimeibeba. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, nayo imemfikia. Nyumbani niliwaeleza wote wasimguse kwa wembe. "Ndiyo, madame laborantine," wakanijibu, wakiicheka kazi yangu ya maabara. Leo mchana nimerudi nikakuta goti lake limevimba, amelazwa kwenye mkeka uani, binamu yetu amemshika miguu, na baba mkubwa, wembe mkononi, anachagua pa kuanzia.

"Toka hapa, mulozi! Uko sawa na mama yako!"

Mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, ulikuwa karibu. Pigo la kwanza liliangusha wembe. La pili nilimpa kwa ajili yako, na lilikuwa tamu, yaya, sikufichi. La tatu lingempata kichwani kama mtoto asingepiga kelele.

Sasa ni jioni, niko kando ya kitanda chake hospitalini. Wamemchoma sindano ya ile protini anayoikosa, na goti linapoa. Nimemweleza habari zako, na kwamba miguu yako niliishika mimi.

"Ulikuwa mutoto, mama," ameniambia.

Kidogo nimpige kofi. Hana haki ya kunisamehe. Haki hiyo ni yako peke yako, na wewe hunijibu.

Mkumbatie mama huko mliko.

Mdogo wako wa kike